Gilera ya bibi au Ducati inayong'aa? Jibu kwa mdogo wangu wa Brescia

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Mombasa anayefanya kazi Brescia, kaskazini mwa Italia. Nimelifupisha kidogo tu:

"Kaka, natafuta pikipiki ndogo ya zamani ya Kitaliano, ndiyo ya kwanza kwangu, ya kutokea Jumapili na kuifurahia basi. Nimeona mbili. Moja ni Ducati 125 Sport, buluu na dhahabu, imefanyiwa upya yote inang'aa kama kioo, euro 6,500, hapo itabidi nimkope dada. Ya pili ni Gilera 124 Giubileo ya 1962, iko bandani kwa bibi mmoja, mumewe marehemu aliinunua ikiwa mpya. Rangi nyekundu imepauka, siti imechanika, tangi limebonyea, euro 1,900, karatasi zipo. Roho yangu iko kwa Gilera lakini mabeste wote wananicheka eti nanunua chuma chakavu. Hivi hii mambo ya 'orijino' ina maana kweli ama ni porojo za wauzaji?"

Mdogo wangu, salama. Roho yako iko sawa, ila usiiachie ikanunue peke yake, yatume na macho yaende nayo.

Nianze na hiyo Ducati tuitoe njiani. Sina ugomvi na Ducati ndogo, ni kati ya injini nzuri kabisa zilizowahi kutoka Bologna. Mhandisi Fabio Taglioni aliingia Ducati 1954, mwaka uliofuata akatoa ile Gran Sport ya cc 100 watu wakaibatiza Marianna, ikaenda ikashinda daraja lake kwenye Motogiro d'Italia, mbio za pikipiki za kuzunguka Italia, na zile Ducati ndogo za barabarani zilizofuata, 125 na 175, zikarithi mpango uleule wa injini. Sasa mpango wenyewe ndio huu, badala ya cheni au vijiti vya kusukuma valvu kuna mhimili umesimama ubavuni mwa silinda una gia za koni chini na juu, na zile gia lazima zikae kwa vipimo vya vishimu, vile vipande vya chuma vya kujazia nafasi, vyembamba kama karatasi. Aliyeifungua na kuifunga akiwa anajua, inazunguka kama saa. Aliyeifunga kwa kukadiria, utasikia inalia kama cherehani iliyokaushwa mafuta, na utakayelipia kuifungua tena ni wewe, si aliyekuuzia. Na utajuaje nani aliifunga? Kwa kuangalia rangi inayong'aa? Rangi haisemi kitu kuhusu gia.

Halafu kuna la pili, na hili ndilo linanifanya nikaze uso. Sport ndiyo inayotakwa, kwa hiyo Ducati 125 za kawaida, zile za kumpeleka mtu kazini, nyingi zimevuliwa zikavalishwa tangi la Sport, usukani wa chini, rangi ya buluu na dhahabu, zikapandishwa bei. Ikishapakwa upya yote, kila alama ambayo ingekwambia ilizaliwa nani imekwenda na msasa. Inaweza kuwa Sport ya kweli, sikatai, lakini muuzaji ndiye wa kuthibitisha, kwa picha za kabla ya kazi, risiti za fundi, namba za chesisi na injini. Kama anachokupa ni neno lake na mng'aro, basi anakuuzia mng'aro kwa euro 6,500, na dada yako hajakukosea kitu hadi umuingize humo.

Sasa tuje kwenye hilo neno orijino maana limechoka kwa kutumiwa ovyo. Muuzaji akisema "orijino" anaweza kumaanisha spea zilizofungwa ni za kiwanda chenyewe si za kuiga, au anamaanisha imerudishwa ikawa kama siku ilipotoka kiwandani, au anamaanisha haijaguswa kabisa tangu itoke. Hivi ni vitu tofauti mno na bei yake inapaswa kuwa tofauti. Waitaliano wana maneno mawili wanayatenganisha vizuri hata kwenye maonesho, kuna restaurato, iliyofanyiwa upya, na kuna conservato, iliyotunzwa ilivyo. Gilera ya bibi kwa maelezo yako ni conservato, na ndiyo hiyo ninayoizungumzia kuanzia hapa.

Kwanini ziko hizi pikipiki ndogo nyingi bandani hadi leo? Baada ya vita Waitaliano hawakuwa na magari, hawakuwa na hela, barabara zimeharibika, na kazi iko kilomita ishirini. Viwanda vilivyokuwa vinatengeneza vitu vya vita au vya anga vikageukia pikipiki na skuta, Piaggio walitoka kwenye ndege, Agusta kwenye ndege, Ducati walianza 1926 na vifaa vya redio na kiwanda chao cha Borgo Panigale kikapigwa mabomu. Hata Ducati mwanzo hawakuanza na pikipiki, walianza na kiinjini cha kufunga kwenye baiskeli kinaitwa Cucciolo, maana yake kitoto cha mbwa, kwa sababu ya ekzosi yake inavyobweka. Kwa hiyo miaka ya hamsini 125 pale Italia ilikuwa kazi ileile inayofanywa na boda sasa hivi kwetu, mama nyuma, mtoto mbele kwenye tangi, kreti la mboga limefungwa kwa kamba. Halafu ikaja Fiat 600 mwaka 1955, Fiat 500 mpya mwaka 1957, na familia moja baada ya nyingine zilivyopata vijisenti zikanunua kigari chenye paa, pikipiki ikasukumwa bandani nyuma ya pipa la divai, haikuuzwa kwa sababu haikuwa na bei, haikutupwa kwa sababu baba anaipenda. Ndio maana unakuta kitu cha 1962 kina kilomita chache kuliko boda ya miezi minane ya Kisauni.

Na Giubileo si jina la mapambo tu. Giuseppe Gilera alianza 1909, kiwanda kikakaa Arcore karibu na Monza, 1959 wakatimiza miaka hamsini wakatoa pikipiki hizi za jubilei. Injini ya mipigo minne, valvu zinasukumwa na vijiti, haina maajabu, na hilo kwa mtu wa kwanza kununua ni sifa kubwa. Kampuni yenyewe ikaingia mikononi mwa Piaggio 1969, Arcore ikafungwa 1993.

Haya, kwanini iliyopauka iwe na thamani? Hapa wengi huanza kuongea habari za "roho ya pikipiki" na mimi hulala. Sababu yangu ni kavu zaidi, rangi ya kiwandani ni ushahidi. Ukiona rangi ya mwaka 1962 iko mahali pake, haijavunjwa chini ya tangi, haijapita juu ya bolti, basi unajua fremu haijakatwa ikachomelewa, unajua lile tangi na fremu vimekaa pamoja tangu siku ya kwanza, unajua hakuna fundi aliyepita humo akificha kitu. Pikipiki iliyofanyiwa upya inakutaka umuamini mtu. Iliyoachwa ilivyo unaikagua mwenyewe. Kutu unaiona, mpasuko unauona, oili inapovuja unaiona ilipovuja miaka thelathini. Ubovu wote uko mezani. Mimi napenda ubovu ulio mezani kuliko uzuri ulio chini ya rangi.

Nikwambie nilivyojifunza, na hapa mkosaji ni mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilipata Guzzi Cardellino, ile ndogo ya mipigo miwili waliyoitoa 1954 baada ya Guzzino (Guzzi wanapenda majina ya ndege, Galletto ni kijogoo, Falcone ni kozi, Cardellino ni kale kandege kadogo kenye uso mwekundu). Ilikuwa nyekundu imefifia ikawa kama tofali, pembeni mwa tangi kuna mstari mwembamba wa dhahabu, na upande wa kulia rangi imelika hadi chuma kinaonekana, doa la ukubwa wa kiganja. Mimi na ujana wangu nikaona aibu. Nikavua kila kitu, nikapiga msasa, nikapeleka bolti kupakwa kromu, nikapuliza nyekundu ya duka ambayo hata si nyekundu yao, mstari wa dhahabu nikaweka stika. Wiki sita. Nikaitoa barabarani nimevimba kichwa. Mzee wa jirani, ambaye pikipiki ilitoka kwa shemeji yake, akaizunguka mara mbili mikono nyuma, akauliza, "Hii ya nani?" Nikamwambia ni ileile. Akaenda upande wa kulia akaweka kiganja chake pale kwenye tangi, akasema pale ndipo shemeji yake alikuwa anapumzisha mkono akisubiri kizuizi cha reli kifunguke, kila asubuhi, miaka kumi na kitu. Halafu akaondoa mkono akaniambia ni nzuri sana, hongera. Ile hongera bado inanikaba. Na ule mstari, nilipokuja kuangalia picha moja niliyobahatika kupiga kabla, ulikuwa umechorwa kwa mkono, unaona brashi ilipoanza na ilipoinuliwa. Nimetafuta mtu wa kuurudia, wapo wanaojua kuchora mstari, ila yule aliyeuchora kiwandani kwa Guzzi, pale Mandello, hayupo.

Kwa hiyo ukienda kwa bibi, beba tochi, kitambaa, sumaku ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa isichubue, na nguo za kuchafuka. Usianze kupiga kiki, kila mtu hukimbilia kupiga kiki. Anza na rangi pale ambapo jua na mikono havifiki, yaani chini ya siti, ndani ya pango la tangi linapokaa juu ya bomba la fremu, nyuma ya honi, shingoni pa usukani, ndani ya bakuli la taa ya mbele. Ukikuta nyekundu nzito yenye afya mle ndani na nje imepauka ya ukoo uleule, vizuri sana. Ukikuta mle ndani kuna kijivu au kijani, basi ilishapakwa na mtu, si dhambi, ila si ile hadithi tena na bei ishuke. Pitisha sumaku kwenye tangi, ikilegea mahali, chini yake kuna puti.

Halafu angalia vidude vidogo, maana hapa ndipo pesa inapojificha na wageni hawajui. Ukinunua pikipiki haina taa ya nyuma yake, haina kioo cha spidi, imewekwa kabureta ya kitu kingine, kukusanya hivyo vitu kimoja kimoja kunaweza kula hela kuliko kukarabati injini. Kabureta iwe imeandikwa Dellorto kwenye mwili wake. Taa nyingi za enzi hizo ni CEV, jina liko kwenye kioo au plastiki. Saa ya spidi mara nyingi Veglia. Rimu ukikuta mhuri wa Borrani furahi kimyakimya usimuoneshe mtu. Vichwa vya skrubu, enzi zile ni vya bisibisi bapa, ukikuta bolti za alenki za stenlesi zinameremeta kwenye kifuniko cha injini ujue kuna mtu alifungua, muulize alifungua kutafuta nini. Siti iliyochanika usiogope. Siti yenye ngozi yake ya kwanza na jina la kiwanda mgongoni, hata kama imepasuka kama ardhi ya kiangazi, ni mali kuliko mpya ya kushonesha.

Injini sasa. Toa plagi, tia tone la oili, zungusha polepole kwa mkono kupitia gurudumu la nyuma ikiwa kwenye gia. Inazunguka? Basi umeshinda nusu. Kama imeganda usilazimishe na usikate tamaa, ringi zinashikwa na kutu juujuu mara nyingi, ila mpunguzie bibi bei kwa adabu. Umeme wake ni wa volti sita, taa yake usiku ni kama kibatari, izoee. Na kumbuka gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma iko kushoto, kinyume na boda uliyojifunzia Mombasa, kwa hiyo mwendo wa kwanza usiende kufanyia kwenye mteremko. Ile pedali ya gia ina ncha mbili, ya nyuma unaibonyeza kwa kisigino, ya mbele kwa kidole, kwa mtu aliyevaa viatu vya Jumapili ni akili sana kwa sababu hakwaruzi sehemu ya juu ya kiatu.

Karatasi. Umesema zipo, lakini zipo zipi? Unataka libretto, kadi yake ya barabarani, na ile ya umiliki, na uone namba ya chesisi kwenye fremu inafanana herufi kwa herufi na iliyo kwenye kadi. Kwenye fremu za miaka hiyo mara nyingi utaona pia mhuri wa IGM au DGM, tarakimu, kisha OM, huo ni wa wizara kuthibitisha aina ya pikipiki, angalia haujasagwa. Kama plate ya zamani yenye herufi BS, za Brescia, bado imefungwa, usiruhusu mtu yeyote akushawishi kuibadilisha. Uliza pia kama iliwahi kufutwa kwenye usajili. Kuna kufutwa na serikali kwa sababu kodi haikulipwa, hiyo inarudishwa kwa kupitia vyama vya magari ya kale kama ASI au rejista ya FMI, shirikisho la pikipiki la Italia, ni makaratasi na subira. Na kuna iliyofutwa kama chuma cha kuyeyushwa, hapo usiingie ukiwa peke yako na usilipe hata senti kabla hujaongea na wakala wa usajili.

Nisikufanye ukadhani kila kilichochakaa ni dhahabu. Kuna watu siku hizi wanauza uchafu kwa bei ya historia, wanaiacha nje inyeshewe, wanasema patina, yaani ule uzee mzuri wa rangi na chuma. Kutu inayokula fremu si patina, ni kutu. Fremu ikiwa na shimo, tangi limeoza chini, au nusu ya vitu havipo, ile ni pikipiki ya kufanyiwa upya na ilipiwe kama hivyo. Na mabeste zako wana hoja moja, conservato si pikipiki ya kwenda nayo kazini kila siku na hukimbizani na mtu. Na 125 kwa miaka mingi haikuruhusiwa kwenye autostrada, kwa hiyo njia zako ni zile za kupita vijijini kuelekea ziwa Iseo, na sioni hasara.

Ukiishika, utafanya nini? Kuna vitu havina ubishi, unabadilisha bila kusikitika, matairi, breki shu (zile za zamani unazibandika bitana mpya, huzitupi), nyaya za klachi na breki, mpira wa petroli, cheni, beringi za magurudumu, kondensa. Usalama hauna uzee. Cha zamani ulichotoa weka kwenye boksi, andika kwa kalamu kimetoka wapi. Tangi ndani lioshe kwa siki siku mbili tatu, kisha suuza na maji yenye soda ya kuokea, likauke haraka, mimi sipendi zile rangi za kupaka ndani ya tangi kwa sababu petroli ya sasa ina ethanoli na nimeziona zinabanduka kama ngozi ya nyoka zinaziba kabureta. Ukiiacha majira yote ya baridi, toa petroli. Kwa nje ni maji ya uvuguvugu na sabuni, mafuta ya taa kwenye grisi iliyoganda, kromu yenye vidoa ivute na karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, kisha nta. Thina usiiguse kabisa, rangi nyingi za enzi zile inazilainisha na utaibandua kwa kitambaa ukijiona. Ule mbonyeo wa tangi uache, na kama unakukera sana, subiri mwaka mmoja kisha uniulize tena.

Ningenunua Gilera, ndiyo. Kwa 1,900 kama namba zinafanana na nyekundu ya ndani ni nyekundu ya nje, sibishani hata bei, au naomba apunguze mia kwa ajili ya matairi basi, mjane ukambane kwa euro mia mbili halafu ukapige nazo picha, hapana. Zile 4,600 zinazobaki kuifikia bei ya Ducati, nyingine si zako ni za dada, ziache kwake.

Ukifika muulize bibi tangi lilibonyea lini, muulize siti ilichanwa na nini, kama ana picha ya mumewe juu ya hiyo pikipiki muombe uipige kwa simu, wengi wanayo kwenye droo moja na risiti ya kwanza na funguo ya akiba. Na siku ukiileta nyumbani usiioshe kwanza. Ipige picha pande zote, chini pia, ilivyo na vumbi lake na tandabui kwenye spoku, unitumie, halafu ndio tuongelee sabuni.